Anayekungoja Getini

Trela ilikuwa imeshaanza kuondoka nilipoirukia. Trakta ilivuta trela mbili za miwa, lakini siku hiyo hazikubeba miwa, zilibeba watu, na watu wale walikuwa wanaimba vibaya. Nilikimbia kutoka kona ya kiwanda, mfuko wangu ukinipiga mgongoni, mpaka jamaa mmoja mwenye ngoma akainama, akanishika ukosi wa koti, akanivuta juu kama gunia.

"Mzee, unaenda mpira?"

"Naenda inakoenda," nikamwambia.

Wakacheka. Hiyo ilikuwa Muhoroni, mwaka wa tisini na tatu, Jumapili asubuhi. Mimi naitwa Wabwire, mtu wa Samia kwa kuzaliwa, lakini Samia nilitoka na darasa la tatu, nikaongeza la nne Kitale na nusu ya la tano Kericho, na tangu hapo nimekuwa wa barabara. Nimekata miwa, nimechuma chai, nimebeba magunia bandarini. Sina mke, sina boma. Siku hizo nilikuwa najivunia hilo. Nilikuwa nasema mtu asiyengojwa popote hachelewi popote.

Aliyenivuta aliitwa Absalom. Kazi yake kiwandani sikuijua, kazi yake kwenye trela ilikuwa ngoma na kelele. Karibu naye alikaa Bildad Mureithi, kijana wa Kikuyu aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba sokoni Muhoroni, na wote walimtania kwa sababu alikuwa amejipaka chokaa ya timu usoni kuliko Wajaluo wenyewe.

"Omera, Bildad, wewe ukitoka jasho utabaki bila timu," Absalom akamwambia.

"Na wewe ngoma ikipasuka utabaki bila akili," Bildad akamjibu.

Mtu wa tatu upande wetu alikuwa msichana wa miaka kama ishirini. Hakuimba. Alikalia ubao wa trela akiwa ameshika gunia kwa mkono mmoja. Tulipovuka daraja la Chemelil trela iliruka, gunia likamponyoka, likabingirika mpaka miguuni pangu. Nililizuia, nikaliinua nimrudishie. Mikono yangu ilijua ule uzito kabla ya kichwa changu. Ulikuwa uzito wa mtoto aliyelala.

"Pole, baba," akasema. "Ni yago."

Absalom akaacha kupiga ngoma. Mimi nimeishi na Wajaluo vya kutosha, kwa hiyo nilijua. Yago ni lile tunda refu gumu linaloning'inia kwa kamba kwenye miti ya kando ya mito. Haliliwi. Mtu akipotea, mwili wake usionekane, hasa aliyechukuliwa na ziwa, wazee hungoja, na wakichoka kungoja huchuma yago, wakalilaza kaburini badala yake. Watu hulia juu yake kama wanavyolilia maiti. Baada ya hapo yule mtu amezikwa, na hakuna anayeruhusiwa kumtazamia njiani.

"Nani?" Absalom akauliza, sauti chini.

"Ndugu yangu, Dishon. Tunazika kesho, kwetu Nyamasaria. Mti uko kwa mjomba huku, ndiyo nikatumwa."

Tulimpa pole. Jina lake lilikuwa Milka. Bildad akatafuta la kututoa pale.

"Absalom," akasema, "hebu tuambie, wewe huu ugonjwa wa mpira ulikushika lini?"

Absalom akakubali mara moja, maana naye alitaka kutoka pale. Akasema mpira wake wa kwanza ulikuwa mwaka wa themanini na moja, hukohuko Kisumu tunakoenda. Alikuwa na miaka minane.

Hapa lazima nieleze kwa ambaye hakukua pande hizi. Siku hizo mtoto akiwa na mtu mzima alipita getini bure. Akiwa peke yake alifukuzwa kwa fimbo. Kwa hiyo watoto walijaa nje ya geti, mikono juu, wakiita kila mwanamume anayepita, "Baba, nishike! Baba, nishike!" Mwenye roho nzuri alishika mmoja au wawili. Bawabu aliuliza, "Ni wako?" na mtu akajibu, "Wangu." Ulikuwa uongo na bawabu alijua, kwa sababu na yeye alipita hivyohivyo zamani. Mkishaingia, mtu anakuachilia, unakwenda zako.

"Mimi nilishikwa na mtu mmoja amevaa koti la mvua," Absalom akasema, akicheka. "Jua limewaka, kokoto zinachoma miguu, yeye ana koti mpaka hapa. Mkono wake, jamani! Kama umeshika samaki, kamongo. Maji yanatiririka. Bawabu akauliza, ni wako? Jamaa akasema, 'Podi.'"

"Bado?" nikauliza.

"Bado. Bawabu akacheka, nikapita. Lakini hakuniachilia. Tumekaa mpira mzima amenishika. Mpira wenyewe haangalii, anaangalia watu wanaotoka. Refa alipomaliza akaniinamia, akauliza, unangojwa na nani? Nikamwambia kaka yangu yuko nje. Basi akafungua vidole. Mimi huyo! Nikakimbia, hata goli tulilofunga siku ile silikumbuki."

Watu walicheka. Bildad hakucheka. Chokaa ilikuwa imeanza kupasuka usoni mwake.

"Alikuwa hana kidole kidogo," akasema.

Absalom akamgeukia. "Nani?"

"Mkono ule. Wa kulia. Hana kidole kidogo."

Absalom akafungua kiganja chake mwenyewe, akakitazama kana kwamba bado kuna kitu ndani. "Kweli. Hana. Wewe umejuaje?"

"Themanini na tatu. Mama yangu Waringa alikuwa anauza mandazi nje ya lile geti. Nilimtoroka niingie. Mimi aliniambia kwa Kiswahili. 'Bado.' Na baadaye akaniuliza vilevile, unangojwa na nani. Nikasema mama. Akafungua mkono." Akafuta uso kwa shati. "Nilidhani niliota. Nilikuwa na homa wiki ile."

Trakta ilikuwa inapita katikati ya miwa ya Miwani, miwa mirefu huku na huku, na upepo haukuwepo. Milka alikuwa amevuta gunia mpaka kifuani.

"Na mimi nilimwona," akasema.

Akatueleza bila kulia. Mwaka wa themanini na nne, yeye ana miaka kumi na moja, Dishon minane. Walitembea kutoka Nyamasaria. Wasichana hawakushikwa sana, kwa hiyo walipatana Dishon aingie, yeye angoje nje. Dishon alimwachia akala zake, zile ndala za tairi, kwa sababu ndani watoto walikanyagwa na akala zikapotea. Mtu wa koti la mvua akamshika.

"Dishon aliniambia, 'Milka, ningoje hapa, usiende.' Nikamwambia nitangoja. Watu walitoka wote. Geti likafungwa. Mama alinikuta hapo na akala mkononi. Polisi walitafuta. Watu wa boti walitafuta, wakasema labda alitelemka ziwani. Mimi kila mpira mkubwa nimekuwa naenda kusimama pale. Miaka yote hii. Nasimama tu."

"Lakini sisi alituachilia kwa sababu tulikuwa tunangojwa," Absalom akasema polepole. "Na Dishon alikuwa anangojwa."

"Ndiyo nawaza tangu ulipoanza kuongea," Milka akasema. "Kama anaachilia anayengojwa, mbona hakumwachilia? Na kama alimchukua, mbona mimi nipo pale?" Akapapasa gunia. "Mama ni mgonjwa. Anataka aone kaburi la mtoto kabla ya lake. Wazee wamesema inatosha. Kesho nikishalia juu ya hili tunda, sitaruhusiwa kumngoja tena. Leo ndiyo ya mwisho."

Tukafika Mamboleo.

Ogola, dereva wa trakta, alituteremsha mbali kidogo na uwanja, akatupigia kelele kwamba mpira ukiisha hatamngoja mlevi. Nilimbebea Milka gunia. Absalom na Bildad waliingia, wakiahidi watazunguka majukwaa yote wamtafute mtu wa koti. Mimi mpira si kitu changu. Nikabaki naye nje.

Watoto walikuwepo, mikono juu, palepale, kama alivyosema Absalom. "Baba, nishike! Mzee, nishike!" Mmoja alinivuta shati. Sikumshika. Nilisema nina mzigo.

Geti lilifungwa nusu. Tulisimama kwenye kivuli cha ukuta. Mpira ukiusikia kutoka nje ni kitu kingine kabisa. Huoni mtu, unasikia kitu kikubwa kinavuta pumzi, kinashusha. Mara nyingine kimya, kimya mpaka unasikia bawabu anatafuna karanga. Milka hakukaa chini hata mara moja. Aliniuliza kama nina watoto, nikasema sina. Akauliza kwetu wananitarajia lini. Nikamwambia ule msemo wangu wa kutongojwa na kutochelewa. Hakucheka.

"Usiseme hivyo hapa, baba," akasema.

Timu yetu ya miwa ilifungwa kwa penalti mwishoni. Nilijua kwa sababu sauti ya upande mmoja ilikatika na ya upande wa pili ikapanda. Kisha watu wakamwagika nje, wengine wanaimba, wengine wanatukana mama ya refa. Absalom alitoka ngoma imepasuka.

"Tumezunguka kote," akasema. "Hakuna mtu wa koti."

"Yuko," Bildad akasema. Alikuwa nyuma yake, chokaa imekwisha usoni, midomo imekauka. "Upande wa jua, kona. Nilimwonyesha Absalom akasema pale hakuna mtu. Amekaa na mtoto."

"Pale palikuwa patupu, Bildad."

"Amekaa na mtoto, nakwambia. Mtoto anapiga makofi."

Milka aliwapita. Aligeukia geti. Watu walipungua, wakawa wachache, wakawa mmojammoja. Bawabu akaanza kuvuta ubawa wa geti, kisha akaacha, akajikuna shingo, akaenda zake pembeni kana kwamba ameitwa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya jukwaa na kivuli chake kimetufikia.

Akatoka.

Koti lilikuwa kama walivyosema. Lilikuwa linadondosha maji na chini yake udongo haukulowa. Sura yake siwezi kuieleza. Si kwamba ilikuwa mbaya. Nilikuwa naitazama, nikipepesa jicho naisahau. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mtoto wa kiume wa miaka minane, kaptura ya shule, miguu mitupu, macho yamechangamka kama ya mtoto yeyote aliyetoka kuona mpira.

Yule mtu akasimama mbele yetu. Akasema kwa Kiswahili kizuri tu, sauti ya mtu aliyechoka:

"Nimesikia huyu hangojwi tena."

"Nani amesema?" Milka akasema. "Namngoja mimi."

Mtu akamwinamia mtoto. "Huyu ndiye anayekungoja?"

Mtoto akamwangalia Milka kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akatingisha kichwa.

"Huyu ni mtu mzima," akasema. "Mimi nangojwa na dada. Dada yangu ni mdogo. Nimempa akala zangu."

Nilimwona Milka akiitazama mikono yake. Nadhani miaka yote alijiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo, kwamba yeye amekua. Vidole vya yule mtu vilikaza juu ya mkono wa mtoto, na mtoto akajikunyata kidogo kama aliyeguswa na baridi.

"Gunia," Milka akaniambia. "Baba, gunia!"

Wazee walimwagiza atie vitu vya marehemu pamoja na tunda, vizikwe vyote. Nilifungua kamba kwa meno. Juu ya yago zilikuwepo akala mbili, ndogo, tairi lake limekauka na kupasuka. Milka akapiga magoti kwenye kokoto, akaziweka mbele ya miguu ya mtoto, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto.

Mtoto akazitazama. Akaingiza mguu mmoja. Ukaenea.

"Mbona umezizeesha, Milka?" akasema kwa hasira.

Vidole vikafunguka.

Milka akamvuta mpaka kifuani na sikutazama tena upande huo, kwa sababu yule mtu alikuwa bado amesimama, mkono wake uko wazi, na alikuwa ananiangalia mimi.

"Na wewe," akasema, "unangojwa na nani?"

Nimepigwa rungu Kitale, nimelala na chui nje ya kibanda Kericho. Sijawahi kuogopa vile. Nilitafuta. Nilipita kila nyumba niliyowahi kula, kila mwanamke, mpaka Samia kwa mama yangu aliyekwisha kufa. Hakuna mlango uliokuwa wazi. Mkono wangu wa kulia ulianza kuinuka wenyewe, polepole, kama mkono wa mtoto getini.

"Ananingoja mimi," Milka akasema nyuma yangu. Kisha akajisahihisha, kwa sauti kubwa, kama anayeapa mbele ya chifu. "Mimi ndiye ninayemngoja. Huyu mzee ni wa kwetu. Asipofika tunamtafuta."

Yule mtu alifikiri. Hakuondoka. Mkono bado uko wazi, na niliona kuwa hawezi kurudi nao mtupu. Nikafanya lililonijia. Nilitoa yago kwenye gunia, nikaliweka mkononi mwake. Vidole vyake viligusa vyangu.

Akalipokea vizuri. Akaliegemeza begani, akaliwekea mkono nyuma kama unavyobeba mtoto aliyesinzia, akageuka, akarudi ndani ya uwanja. Absalom anaapa hakuona mtu, aliniona mimi nikiangusha tunda na tunda likikosa kufika chini.

Ogola alikuwa hajaondoka. Tulipanda trela, Milka amemkalisha mtoto mapajani, na njia nzima mtoto alisimulia mpira. Alitaja wachezaji waliokuwa wameshastaafu. Milka akamuuliza kwa nini hakutoka. Akasema aliulizwa anangojwa na nani, akajibu, subiri kidogo mpira uishe, na jina la mtu hakulitaja.

Yaliyowapata wote ni haya.

Nyamasaria kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kaburi haliachwi wazi, wazee wakafukia mgomba. Wengi hawakukubali kwamba mtoto yule ni Dishon. Walisema Milka aliokota mtoto Muhoroni. Mama yao, Dorca, hakubishana na mtu. Alimwogesha, akaona kovu la mundu kwenye goti, akampa uji. Alifariki mwaka wa tisini na tano.

Dishon aliandikishwa darasa la pili. Alikua kama watoto wengine kuanzia siku ile. Mpaka sasa, mwaka wa tisini na tisa, ana urefu wa kijana wa miaka kumi na minne. Anasaidia wapakiaji mizigo Mamboleo. Hakubali kushikwa mkono, hata kwa salamu.

Absalom aliacha ngoma, akaokoka. Anasema hakuona kitu. Bildad bado anauza viatu Muhoroni. Mwaka ule wa tisini na tatu alimletea Dishon jozi mpya ya viatu, na Dishon akavikataa akavaa akala. Ogola anaendesha trakta ileile.

Yule mtu, watoto wa getini niliowauliza mwaka wa tisini na sita walimjua. Walisema hashiki mtoto siku hizi. Ana mtoto wake begani, ambaye hageuzi uso.

Mkono wangu wa kulia haupati joto. Kila mwaka nilipita Nyamasaria, popote nilipokuwa, na Milka alikuwa akiniona njiani anasema, "Umefika," kisha anaenda kuweka maji ya ugali. Alishikwa na malaria, akafariki mwezi wa sita mwaka wa tisini na nane. Dishon alinitumia salamu kwamba sasa ananingoja yeye. Sijui kama inahesabika.

Siku ya mpira napitia Mamboleo na sishuki, nisije nikaulizwa tena.